Kitanda Rahisi na Gharama Zake: Safari Yetu ya Kilimanjaro



Vijana wa chuo chetu hapa Tandika, wilaya ya Temeke, wana ada ya kutuletea maswali baada ya darasa la alasiri, na mengi katika maswali hayo hayatoki katika vitabu tunavyowasomesha. Siku moja mmoja wao alituonyesha katika simu picha za watu waliofunga mbao nyembamba miguuni, wakiteleza mlimani juu ya theluji, akatuuliza: "Maalim, na Waislamu nao huenda huko? Hulala wapi na baridi ile?"

Tulimjibu kwamba huenda. Morocco wana mahali paitwapo Oukaïmeden, juu ya mji wa Marrakesh. Iran wana Dizin. Waturuki wana mlima Uludağ karibu na mji wa Bursa. Huko Dubai, ambako hakuna mlima wala baridi, ulifunguliwa mwaka 2005 ukumbi wa theluji ndani ya jumba la maduka, na ndugu zetu wa pwani hii wanaofanya kazi huko huwapeleka watoto wao wakatetemeke kwa fedha. Ama kuhusu malazi, kanuni ya nchi hizo ni moja: kitanda kilicho karibu na theluji ndicho ghali, na asiye na uwezo hulala bondeni, akapanda asubuhi na kushuka jioni.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini sisi tuna Kilimanjaro."

Kweli tunayo. Kilele chake kina mita 5,895, na wazungu wamepata kuteleza juu yake: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na mbao zao. Siku hizi hilo halifikiriki, kwani katika barafu iliyopimwa mwaka huo wa 1912, sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha kutoweka ilipofika mwaka 2007. Mtoto wa Temeke anayetaka kuuona weupe ule kwa macho yake afadhali asichelewe sana. Kwa neno hilo ndipo safari yetu ilipozaliwa.

Nyumba tatu zilikubaliana. Kila nyumba ikawa yaweka shilingi 20,000 kila wiki katika sanduku la chuo, muda wa wiki 40. Nyumba moja ni ya bibi mjane auzaye vitumbua, na fedha yake ilitufikia katika sarafu na noti zenye mafuta. Jumla tulipata shilingi 2,400,000 kwa watu 14, watu wazima watano na watoto tisa, na nauli za kwenda na kurudi Moshi zilikuwa zikila karibu nusu. Twayataja haya ili msomaji ajue kwamba kila shilingi katika sanduku lile ilikuwa na mwenyewe.

Likizo ya Juni ilipokaribia, tulipata khabari za nyumba mbili za wageni. Ya kwanza ilikuwa Marangu, juu kabisa, karibu na lango la mlima: chumba shilingi 15,000 kwa usiku. Ya pili ilikuwa Moshi mjini, jirani na msikiti: chumba shilingi 25,000, na ndani yake mna chai ya asubuhi na maji ya moto. Tulihitaji vyumba vitano. Hesabu yetu ya haraka ikaonyesha kwamba Marangu tungeokoa shilingi 50,000 kila usiku, na kwa siku nne shilingi 200,000. Tena Marangu ndiko mlimani hasa. Mtu aliyefunga safari ya kilomita zaidi ya 500 kwenda kuuona mlima, kwa nini alale mbali nao?

Bibi yule wa vitumbua hakukubali. Akatuambia: "Maalim, kifua cha mwanangu wakijua. Huko juu ni baridi. Mimi ni radhi nilipe zaidi nilale na amani." Nasi tukamjibu: "Dada, watu wa Marangu nao wana watoto wenye vifua, na wanalala kuko huko." Wakati ule tulijiona tumesema neno la hekima. Tulikuwa tukiihurumia fedha yake kuliko yeye mwenyewe alivyoihurumia.

Safari yenyewe hatutaieleza sana. Mtu wa Temeke apandaye basi la mikoa Mbezi huamka usiku wa manane, kana kwamba Mbezi nayo ni mkoa mwingine. Tulifika Himo jioni, tukapanda hadi Marangu magharibi ikiingia. Moshi mjini hapafiki hata mita 1,000 juu ya bahari, bali Marangu hupita mita 1,300, na kila mita 1,000 upandazo hupunguza joto kwa nyuzi kama sita. Mwezi wa Juni, panapo ukungu na manyunyu, mwili wa mtu wa pwani huzihisi nyuzi hizo moja moja.

Mwenye nyumba alikuwa ametuhakikishia kwa simu kwamba maji ya moto yapo na mablanketi yapo. Hakusema uongo. Maji ya moto yalikuwapo, kila ndoo kwa shilingi 1,000. Mablanketi yalikuwapo pia, yamefungiwa stoo, kila moja kwa shilingi 2,000. Lile moja lililo kitandani lilikuwa jepesi kama kanga. Tukalipa mablanketi 14, shilingi 28,000. Tukalipa ndoo 14, shilingi 14,000, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutawadha kwa maji ya bombani, na wanafunzi wetu wa fiqhi wanajua kwamba maji yenye baridi kali kupita kiasi ni makuruhu kuyatumia. Chumba cha bei rahisi kikawa kimepanda kutoka shilingi 75,000 za vyumba vyote hadi 117,000 kabla hatujala chakula cha usiku. Kule Moshi tungelipa 125,000. Faida yetu yote ilibaki shilingi 8,000.

Saa nane za usiku mlango wetu uligongwa. Alikuwa bibi yule, na mtoto mgongoni. Pumu ilikuwa imempanda. Kila pumzi yasikika kama mluzi, na kichupa chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimekwisha. Macho ya mama yake yalikuwa makavu, wala hakutukumbusha neno lolote alilolisema Tandika. Laiti angetukumbusha. Tuliamsha watu, ikatafutwa gari, na dereva akataka shilingi 60,000 kwenda Moshi, kiasi cha kilomita 40, na usiku ule hapakuwa na wa kubishana naye. Njiani sisi tulikuwa tukisoma tulichojaaliwa kukisoma, na mama akihesabu pumzi. Hospitalini walimvutisha dawa kwa mashine, na kulipopambazuka alikuwa amelala usingizi wa kawaida. Alhamdulillahi.

Asubuhi ile tuliwahamisha watu wote Moshi mjini.

Nyumba ya Moshi haikuwa ya fahari. Vyumba vyake ni vidogo na barabara ina kelele za bodaboda. Lakini ilikuwa na bomba la maji ya moto, mlango wa kila chumba wafungika, akina mama wana choo chao, na mama lishe wa Kiislamu yuko hatua chache kutoka mlangoni, apikaye wali na maharage kwa bei tuliyoizoea Tandika. Adhana yasikika bila kutoka nje. Bibi wa vitumbua alilala mchana kutwa, na hatukumwamsha illa kwa sala.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni dari. Nyumba ile ina dari la saruji la kuanikia nguo. Kwa siku mbili mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu kabisa, hata mtoto mmoja akauliza kama kweli upo. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, mmoja wa vijana alikwenda darini kuanua kanzu yake, akashuka mbio. Tulipanda sote. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe juu, yapata rangi ya waridi upande wa jua. Ilidumu kiasi cha nusu saa, kisha wingu likarudi. Wenyeji walituambia kwamba hivyo ndivyo ulivyo, hujionyesha mapema asubuhi na jioni. Kule Marangu, tulikokwenda kwa ajili ya kuwa karibu nao, vilima na migomba vilikuwa vimetuziba.

Siku ileile tulikodi gari dogo la abiria kwa shilingi 120,000. Akina mama na watoto wadogo waliteremka kwenye maporomoko ya Kinukamori, na sisi tukaenda na vijana wakubwa hadi lango la Marangu. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo sana mbele ya kile alipacho mgeni kwa dola. Kwa hiyo kila mtu mzima achukue kitambulisho chake cha taifa. Kutoka langoni hadi kituo cha Mandara, kilicho kwenye mita 2,720, ni kilomita 8 za msitu wenye mbega na miti iliyovaa ndevu za kuvu. Mtu wa umri wetu hutembea saa nne, na vijana hungoja mbele wakicheka.

Hapo Mandara tuliviona vibanda vya mbao vyenye paa lililochongoka hadi karibu na ardhi, na ndani mna vitanda vyenye magodoro. Juu yake kipo kituo cha Horombo, mita 3,720, na mwisho Kibo, mita 4,720, ambako watu hulala katika vyumba vya pamoja na maji hayapatikani, hubebwa kutoka chini. Njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda. Njia nyingine, kama Machame, ni za mahema.

Vijana walitaka kujua ipi nafuu. Kiongozi wetu aliwapa bei za wageni wa nje za mwaka 2023: kibanda dola 60 kwa mtu kila usiku, hema dola 50, mbali na kiingilio cha hifadhi dola 70 kila siku. Wote wakasema kwa sauti moja: hema! Tukawaambia wahesabu kwanza. Marangu huweza kupandwa kwa siku tano, yaani kulala mara nne: dola 240. Machame kwa kawaida huchukua siku sita, kulala mara tano: dola 250, na tena kiingilio cha siku moja zaidi. Kijana aliyetuonyesha picha za simu alituangalia, akasema polepole: "Kama Marangu, Maalim." Tukaitika kwamba ndiyo, kama Marangu.

Hata hivyo hatutaki kulionea hema. Kiongozi alitueleza kwamba hema ni la mtu na mkewe peke yao, na chumba cha pamoja cha Kibo huchanganya wasiojuana, waume kwa wake. Mwenye kusafiri na mkewe au binti zake huenda akaona dola chache za ziada na ardhi ngumu ni bei ndogo kwa sitara hiyo. Sisi tungechagua hema. Mwenzetu aliyefuatana nasi, mtu mwenye maumivu ya kiuno, alisema yeye angechagua godoro, naye mkewe angengoja Moshi. Tuliliacha jambo hilo hapo.

Neno moja kwa watakaotufuata. Msiende Desemba mkitafuta malazi ya bei hizi. Mwezi huo Wachagga hurudi kwao kutoka kila pembe ya nchi, mabasi hujaa na vyumba hujaa. Juni ina baridi, lakini ina nafasi. Na mnapouliza bei kwa simu, msiulize kama maji ya moto na mablanketi yapo. Ulizeni kama yamo ndani ya bei.

Tulirudi Temeke siku ya Ijumaa usiku. Sandukuni zilibaki shilingi 64,000. Tulitoa rai kwamba zote apewe bibi wa vitumbua, kwa dawa za mtoto na kwa lile tulilomtendea. Alikataa. Alisema fedha ni ya nyumba tatu, na kama Maalim ana deni kwake, basi amsikilize safari hii. Alitaka yanunuliwe mablanketi mazito ya mitumba pale sokoni Tandika, yawekwe chuoni kwa Juni ijayo. Tulifuatana naye siku ya pili. Yeye ndiye aliyechagua, moja moja, akilikunjua na kuliweka shavuni. Sisi tulibeba.