Fromaji ni safi, lakini mfereji unasema nini?

Siku moja nilifika asubuhi kwa koperative moja ya wafugaji, huku upande wa Kirumba, nikiwa na vijiti vyangu vya pamba ndani ya glasiere. Mama anayesimamia usafi alinitazama, akacheka: «Agronomu, sisi tunaosha kila siku. Sabuni iko, klore iko. Unatafuta nini tena?»

Hakuwa anadanganya. Usini yao ndogo ya fromaji ilikuwa inanuka klore mpaka barabarani. Na kwetu Beni, Butembo na Lubero, nani atatufundisha tena kunawa? Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, wakati wa Ebola, tulinawa kwenye bariere, sokoni, kanisani, mpaka ngozi ya mikono ikakauka.

Lakini kuosha ni jambo moja, kujua kama kuosha kumefaa ni jambo lingine. Jicho halioni bakteria. Pua inasikia klore, haisikii kama klore imefanya kazi. Ndiyo maana usini kubwa za chakula hazingoji kupima chakula tu. Zinapima nyumba yenyewe: meza, mfereji, magurudumu ya toroli, mpira wa mlango wa frigo.

Kuna habari moja ya Afrika ya Kusini ambayo ninapenda kueleza kila koperative. Toka 2017 mpaka 2018, watu 1.060 waligonjwa kwa bakteria inayoitwa Listeria, na 216 kati yao walikufa. Kati yao kulikuwa watoto wachanga wengi, wenye kuambukizwa tumboni mwa mama. Kwa miezi mingi hakuna aliyejua inatoka wapi. Mwanzoni mwa 2018 watoto wa kreshi moja ya Soweto waliharisha. Wakapima chakula cha frigo ya kreshi, wakafuata njia ya soseji ya poloni mpaka kwenye kiwanda kimoja cha Polokwane. Huko walipangusa kuta, mashini na mifereji, na wakakuta aina ileile ya bakteria. Poloni ni nyama iliyopikwa, na moto unaua Listeria. Basi hatari ilirudi kisha kupika, ndani ya nyumba.

Kwa mtu wa fromaji hiyo inagusa sana. Unachemsha maziwa vizuri, dakika 30 kwa digri 63, bakteria inakufa. Kisha unaweka maziwa kwenye meza, kwenye vyombo vya kufinyangia, kwenye rafu za mbao. Kama Listeria imejificha hapo, kazi yote ya moto imepotea. Na usiseme frigo itakuokoa: hii inakua hata kwenye baridi ya frigo, polepole.

Sasa tunapima wapi? Tunagawa usini kwa kanda nne. Ya kwanza ni kila kitu kinachogusa chakula: kisu, meza, kitambaa, mikono. Ya pili ni vya karibu: miguu ya meza, upande wa nje wa sufuria, vifungo vya mashini. Ya tatu ni chini, mfereji, ukuta, brosi, bote. Ya nne ni nje ya chumba cha kazi: depo, koridori, mahali pa kubadilisha nguo. Wengi wanataka kupima ya kwanza tu, juu ndiyo inaonekana ya maana. Mimi ninaanza na mfereji. Bakteria haianzi mezani. Inaishi kwanza mahali pa maji na giza, kisha inatembea.

Na saa ya kupima ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Pale kwa Mama yetu, juma tatu za kwanza rezultati zote zilikuwa nzuri. Nilishuku. Niliuliza wanapangusa saa ngapi. Saa moja ya asubuhi, mara tu kisha kumwaga klore! Kama unapima hapo, unapima klore, hupimi usini. Tulibadilisha: tukapangusa katikati ya kazi, saa tatu ao nne kisha kuanza, wakati maji yanaruka na watu wanapita. Rezultati ziligeuka mara moja. Vibaya.

Prezida wa koperative alikasirika. Alisema mbele ya kamati yote: «Mbele ya wewe kuja tulikuwa safi.» Ninamwelewa. Lakini alama mbaya za mwanzo ndizo faida ya kazi hii. Anayezipata hapaswi kugombezwa, la sivyo juma linalofuata atapangusa mahali anapojua ni safi, na daftari litajaa uongo.

Kila juma tunafanya kipimo rahisi cha usafi wa jumla. Mara kwa mara tunatuma vijiti vya kanda ya tatu mjini kwa labo, kutafuta jamaa yote ya Listeria. Si ndugu wote wa jamaa hiyo wanaua, lakini mahali ndugu mmoja anaishi, muuaji naye anaweza kuishi. Tena ninaomba: msijaribu kuotesha bakteria hizo wenyewe karibu na maziwa. Hiyo ni kazi ya labo.

Jibu lilirudi: Listeria ndani ya mfereji. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, wazazi wanangoja pesa ya maziwa kwa ajili ya minervali, na fromaji iko tayari kwenye rafu. Tuuze? Tulikaa jioni nzima. Mzee mmoja alisema mfereji hauliwi na mtu. Kweli, hauliwi. Lakini tulikuwa hatujui kama imepanda mezani. Mwishowe walikubali kuzuia fromaji ile, wakatuma vijiti vya meza na vipande vya fromaji yenyewe. Kungoja kulichukua karibu juma moja. Ilikuwa juma ngumu, na kuna memba mmoja ambaye hadi leo hanisalimii vizuri. Jibu lilikuwa zuri, wakauza.

Shida yenyewe ilikuwa mpira wa maji. Kijana mmoja alikuwa anaosha mfereji kwa mpira wenye nguvu wakati kazi inaendelea, matone yanaruka mpaka mezani. Tena walikuwa wanamwaga klore juu ya uchafu wa maziwa. Uchafu unakula klore mbele klore ile bakteria. Kwanza kwangua, kisha sabuni na brosi, kisha maji, na mwisho klore nyepesi, asilimia 0,02 kwa meza. Ile kali ya wakati wa Ebola, asilimia 0,5, si ya meza ya chakula.

Kamati ilikuwa imepanga kununua sufuria ya pili. Daftari liliwageuza: wakachora usini kwenye karatasi kubwa, kila alama mbaya doti nyekundu, na doti zikakusanyika upande mmoja, pale simenti ilipopasuka na maji kulala. Wakatengeneza simenti. Tuseme mwezi wa kwanza unapima sehemu 20 na 9 ni mbaya, mwezi wa tatu 4: hiyo inaonyesha maendeleo kuliko maneno yangu, mradi sehemu ni zilezile na saa ni ileile.

Wenye kakao wa Beni na wenye mashini za unga, kwenu adui wa kwanza ni maji. Salmonela inaweza kukaa kavu miezi mingi, ikingoja maji. Fagieni kavu. Mwaka 2022 kiwanda cha chokoleti cha Arlon, Ubelgiji, kilifungwa kwa sababu yake, na watoto wengi wa Ulaya waliugua. Mwezi Juni, kiwanda kikubwa cha Wieze, Ubelgiji hukohuko, kiliikuta pia, lakini kilisimamisha mashini mapema na chokoleti haikufika madukani.

Kule kwa Mama yetu, mfereji sasa unatoa alama nzuri. Gurudumu moja la toroli bado linatusumbua. Tumelibadilisha mara mbili, doti nyekundu inarudi palepale, na Alhamisi tutalifungua lote.