Kuitazama Picha ya Mwenzako

Leo tutazungumza juu ya picha, maana siku hizi wengi wenu mnapiga picha kwa simu na kuonyeshana.

Mwenzako akikuonyesha picha yake, usiseme upesi, "Mbaya hii!" Atavunjika moyo. Wala usiseme "Nzuri sana" ili kumfurahisha tu. Maneno yote mawili hayamfundishi kitu.

Fanya hivi. Kwanza, taja jambo moja lililokupendeza. Pili, taja kasoro moja, ile iliyo kubwa. Sema juu ya picha, si juu ya mpigaji. Tatu, eleza dawa yake.

Tuchukue mfano. Mwenzako amempiga picha mama yake mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, na uso umetoka giza. Mwambie hivi: "Ndugu, mama amesimama vizuri, na kanga yake inapendeza. Lakini macho yake hayaonekani. Ukuta unang'aa mno, kwa hiyo kamera imepunguza mwanga wote. Msimamishe kivulini, mbali na ukuta, au gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga."

Picha ya mzazi huenda ikawa ukumbusho wa pekee. Basi ni heri mwenzako aijue kasoro leo, wakati mama yupo na picha yaweza kupigwa tena.

Kazi ya juma hili: leteni darasani picha moja moja, mbadilishane, na kila mtu aandike sentensi tatu juu ya picha ya mwenziwe. Kwaherini.