Shule za Mkataba za Marekani: Nani Ashikaye Daftari?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili twalisema mara nyingi juu ya duka na juu ya sanduku la chama, lakini lafaa vile vile juu ya shule. Maana shule nayo ina mali yake: fedha za kodi za wananchi, na iliyo kubwa kuliko fedha, miaka ya watoto. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa. Lakini mtoto aliyekaa darasani mwaka mzima bila kujifunza kitu, mwaka ule haumrudii tena.

Huko Marekani zimo shule za namna moja ambazo kwa zaidi ya miaka 30 zimewafanya watu wabishane sana juu ya jambo hili. Wenyewe huziita shule za chata. Sisi tutaziita shule za mkataba. Hulipiwa kwa fedha za kodi, mzazi hatoi karo, na mlango u wazi kwa mtoto yeyote. Walakini haziendeshwi na ofisi ya elimu. Huendeshwa na kikundi cha watu waliopewa uhuru wa kuchagua walimu wao, vitabu vyao na saa zao za kazi. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na mwaka uliofuata shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa katika mji wa St. Paul. Leo shule hizo zapata 8,000, na watoto wake ni zaidi ya milioni 3 na nusu.

Wazee wetu hawataona mpango huu kuwa mgeni kabisa. Hapa Tanganyika, tangu miaka ya 1920, shule za misheni zilizopokea msaada wa fedha za Serikali zilikubali pia kutembelewa na wakaguzi wa Serikali. Anayeendesha shule ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Basi lazima awepo wa kutazama. Tofauti ni kwamba kule Marekani ruhusa yenyewe ina mwisho wake, na siku hiyo ikifika shule husimama mbele ya aliyeitoa ili ijibu.

UHURU KWA SHARTI

Mapatano yenyewe ni mafupi. Shule husema: tupeni uhuru, nasi tutawafundisha watoto vema. Mwenye kutoa ruhusa hujibu: chukueni, lakini mkishindwa tutaitwaa. Huyo mwenye kutoa ruhusa ndiye tutakayemwita msimamizi. Katika majimbo mengine msimamizi ni halmashauri ya shule za wilaya, katika mengine ni chuo kikuu, na pengine ni baraza lililoundwa kwa kazi hiyo tu, kama lile la mji mkuu wa Washington lililoanzishwa mwaka 1996.

Mkataba si wa milele. New York haupiti miaka 5. Arizona na Washington huandikwa wa miaka 15, lakini msimamizi hutakiwa kuupitia kila baada ya miaka 5. Ndani yake huandikwa hasa mambo matatu: watoto watafikia wapi katika kusoma na katika hesabu; fedha zitatunzwa namna gani; na sheria zipi zitashikwa, kama vile kuwapokea watoto pasipo ubaguzi na kuwatunza wenye ulemavu. Hayo huandikwa kabla mtoto wa kwanza hajaketi darasani, ili baadaye asitokee mtu wa kusema kwamba hakujua atapimwa kwa kipimo gani.

Mwaka hata mwaka msimamizi hutazama matokeo ya mitihani ya jimbo, husoma hesabu zilizokaguliwa, na hutuma watu waingie madarasani. Akiona kasoro haanzi kwa kufunga mlango. Kwanza huandika barua ya onyo. Kisha hutaka shule ilete mpango wa kujirekebisha, wenye tarehe na jina la kila mtu atakayeifanya kazi hiyo. Isipotengenea, huiweka katika muda wa kujaribiwa, na wazazi huambiwa. Mwisho, mkataba ukiisha hauandikwi tena. Na kosa likiwa kubwa, kama wizi au hatari kwa watoto, huvunjwa hata kabla ya wakati wake. Shule nayo ina haki ya kusikilizwa kabla ya hukumu.

Majimbo mengine hayakutaka jambo hili liachwe kwa huruma ya msimamizi. Texas ilitunga sheria mwaka 2013 kwamba shule ya mkataba ikianguka miaka 3 mfululizo katika masomo au katika fedha, ruhusa yake lazima ifutwe.

Kwa maandishi mpango huu ni mzuri. Tutazame sasa jinsi unavyokwenda katika maisha ya kweli.

WATOTO WALIOKUWA MAJINA TU

Katika jimbo la Ohio ilianzishwa mwaka 2000 shule ya mkataba iliyoitwa ECOT. Haikuwa na madarasa. Watoto walisoma nyumbani kwa kompyuta. Ilikua mpaka ikadai wanafunzi zaidi ya 15,000, nayo ililipwa kwa kadiri ya idadi hiyo. Matokeo yake yalikuwa dhaifu mwaka baada ya mwaka. Katika wanafunzi 10 waliotazamiwa kumaliza masomo ya sekondari kwa wakati wake, hawakumaliza hata 4.

Swali la kwanza ni hili: msimamizi alikuwa wapi? Alikuwepo. Lakini sheria ya Ohio yamruhusu msimamizi kupokea hata asilimia 3 ya fedha za shule anayoitazama, iwe malipo ya kazi yake. Basi shule ikiwa kubwa, fungu la msimamizi huwa kubwa. Shule ikifungwa, fungu nalo limekwisha. Ni vigumu mtu kukifunika chungu ambacho yeye naye anakula humo.

Juu ya wasimamizi ilikuwapo Idara ya Elimu ya jimbo, yenye kazi ya kuwapima hao wapimaji. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba mkuu mmoja wa idara hiyo aliacha kuhesabu alama mbaya za shule za kompyuta alipokuwa akiwapima wasimamizi wake. Alijiuzulu, na mwaka huo huo jimbo likatunga sheria kali zaidi juu ya wasimamizi.

Mwaka 2016 idara ikafanya jambo ambalo mwalimu yeyote wa shule ya kijijini hulifanya kila asubuhi: iliita rejista. Ilitaka ionyeshwe ni saa ngapi kila mtoto alisoma kweli. Shule ilikuwa imedai wanafunzi 15,322. Walioweza kuthibitishwa walikuwa 6,313. Waliosalia walikuwa majina kwenye karatasi, au watoto waliofungua kompyuta kwa muda mfupi wakaenda zao. Shule ikajitetea mahakamani kwamba sheria iliitaka itoe masomo ya saa 920 kwa mwaka, wala haikuitaka ihakikishe kwamba mtoto ameyasoma. Tazama neno hilo, msomaji! Ni kama mpishi asemaye kwamba kazi yake ni kuandaa chakula mezani, na kama wageni hawakuonekana si shauri lake, alipwe tu.

Mwezi wa Agosti 2018 Mahakama Kuu ya Ohio ilikataa utetezi huo. Lakini shule ilikuwa imekwisha kufa. Ilidaiwa irudishe dola milioni 80 hivi, na haikuwa nazo. Tarehe 18 Januari 2018 msimamizi aliamua kuisimamisha, katikati ya mwaka wa masomo, na watoto wapatao 12,000 wakaanza kutafuta shule nyingine.

Jambo la kufanana lilitokea California. Mwaka 2019 watu 11 walishtakiwa kwa ajili ya mtandao wa shule 19 za kompyuta zilizojulikana kwa jina la A3. Vijana wa timu za michezo waliandikishwa kuwa wanafunzi, na fedha za Serikali zikapokewa kwa majina yao. Wasimamizi walikuwa halmashauri ndogo ndogo za wilaya, nazo zilipata malipo kwa kazi ya kutazama. Viongozi wawili wa mtandao huo walikiri makosa yao mwaka 2021. California ilizuia shule mpya za namna hiyo tangu mwaka 2020.

Tusidhani kwa habari hizi kwamba shule zote za mkataba ni mbaya. Taarifa ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba kwa wastani wanafunzi wake walikuwa mbele ya wenzao wa shule za kawaida, kadiri ya siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Lakini taarifa hiyo hiyo iliwakuta wanafunzi wa shule za kompyuta nyuma kwa siku 58 katika kusoma na siku 124 katika hesabu. Jina ni moja, shule si moja. Ndiyo sababu msimamizi hawezi kukaa ofisini na kusoma wastani. Hana budi kuikagua kila shule kwa macho yake.

MTOTO AENDE WAPI?

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Tuseme msimamizi ni mwaminifu, ameona shule ni mbaya, naye anaifunga. Je, amemsaidia mtoto?

Mji wa New Orleans ulijaribu jambo hili kuliko mji mwingine wowote. Baada ya tufani ya Katrina ya Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilichukua zaidi ya shule 100 za mji huo, na wafanyakazi zaidi ya 7,000 wakapoteza kazi. Kidogo kidogo shule zikageuzwa kuwa za mkataba, na ambazo hazikufikia kipimo zilifungwa au kukabidhiwa waendeshaji wengine. Uchungu ulikuwa mwingi. Wazazi walijaa mikutanoni wakilia juu ya shule walizosoma wao na baba zao.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tulane walifuata habari za watoto hao, na mwaka 2016 wakatoa jibu la kufundisha. Katika New Orleans, watoto wa shule za chini zilizofungwa au kukabidhiwa wengine waliendelea vizuri zaidi baadaye. Katika Baton Rouge, mji wa jimbo lilo hilo, walirudi nyuma. Sababu ilikuwa nini? Kule New Orleans wengi waliingia shule zilizo bora kuliko walizotoka, na penginepo haikuwa hivyo. Kufunga mlango hakukumponya mtoto. Kilichomponya ni mlango mwingine uliofunguliwa.

Na mlango huo haufunguki wenyewe. Mwaka 2017 Stanford ilitoa taarifa juu ya shule dhaifu 1,522, za mkataba na za kawaida, zilizofungwa katika majimbo 26. Watoto walioingia shule bora walikuwa chini kidogo ya nusu. Waliosalia walihamishwa, wakatengwa na rafiki zao na walimu wao, wala hawakupata kilicho bora.

Wapo wanaosema pia kwamba kipimo chenyewe huonea. Shule inayowapokea watoto maskini, walioingia darasa la sita hawajui kusoma vema, itaonekana mbaya hata kama walimu wake ni hodari. Neno hili lina haki. Kwa hiyo wasimamizi wazuri hawaulizi tu, "Mtoto amepata alama ngapi?" Huuliza pia, "Alikuja akiwa wapi, na mwaka huu amesogea kiasi gani?" Mkulima apimwe kwa shamba alilopewa. Lakini kipimo cha haki si ruhusa ya kuacha kupima.

YATUPASAYO KUJIFUNZA

Twaona basi kwamba kuwajibisha shule si barua kali ya siku moja. Kwataka kipimo kilichoandikwa mapema. Kwataka mtu wa kuingia darasani na kuwahesabu watoto kwa macho, si kwa karatasi iliyoletwa na mwenye kulipwa. Kwataka mtazamaji ambaye mshahara wake hautegemei kunyamaza kwake. Tena kwataka shule nyingine iliyo tayari, kabla ya kufuli kutiwa mlangoni.

Nasi tulio wazazi na wajumbe wa kamati za shule tusiwaachie wakaguzi peke yao. Mkaguzi huja mara moja, akaenda zake. Sisi twakaa na watoto kila jioni. Mzazi ajapo kuwa hakusoma sana, aweza kumwita mwanawe na kumwambia, "Nisomee ukurasa huu." Aweza kuuliza mkutanoni walioandikwa ni wangapi na waliohudhuria wiki hii ni wangapi, na fedha za madawati zimeandikwa wapi. Maswali haya si matusi kwa mwalimu. Mwalimu mwema huyafurahia, maana yeye daftari lake li tayari.

Kule Ohio maswali hayo yaliulizwa baada ya miaka 16. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku shule ile ilipofunguliwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.