Norovirusi: mbona chanjo yake inachelewa?

Huenda hili limewahi kukukuta. Mtoto amepata matone ya rota, kadi ya kliniki ipo, kisha siku moja anaamka anatapika na kuharisha. Nyumba nzima inasema chanjo haikufanya kazi. Usiilaumu haraka. Chanjo ya rota, ambayo kliniki za Tanzania na Kenya zimekuwa zikiitoa kwa zaidi ya miaka 10, inapambana na kirusi kimoja tu. Kipo kingine, norovirusi, na hicho bado hakina chanjo.

Kiligunduliwa mwaka 1972 na Dk. Albert Kapikian wa Marekani, katika sampuli zilizotokana na mlipuko wa mwaka 1968 kwenye shule ya msingi mjini Norwalk, Ohio. Jina lake limetoka mji huo. Inakadiriwa kuwa watu milioni 685 duniani huugua kila mwaka kwa sababu yake, na watoto wapatao 50,000 hufariki.

Utauliza, zaidi ya nusu karne, chanjo iko wapi? Kirusi hiki kiligoma kuoteshwa maabara. Ni mwaka 2016 tu ambapo timu ya Dk. Mary Estes, huko Houston, ilikiotesha katika vijitumbo vilivyokuzwa kutokana na seli za utumbo wa binadamu, na aina nyingine zilidai mpaka zitiliwe nyongo! Tena aina zake ni nyingi, na ile iliyoenea zaidi kwa miaka mingi, GII.4, hujibadilisha kila baada ya miaka michache. Ndiyo maana aliyeugua jana anaweza kuugua tena.

Majaribio yapo. Kampuni ya HilleVax ilitumia maganda matupu ya kirusi, yasiyoweza kuambukiza. Julai 2024 ikatangaza kuwa chanjo hiyo haikuwakinga watoto wachanga kama ilivyotarajiwa. Inauma, maana hao ndio wenye haja nayo zaidi. Mwaka huohuo Moderna ilianza jaribio kubwa kwa watu wazima. Vaxart nayo imejaribu chanjo ya kidonge. Hakuna iliyoidhinishwa.

Basi turudi nyumbani. Chembe chache mno za kirusi hiki zatosha kukuangusha, na vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri. Kinachotakiwa ni sabuni na maji yanayotiririka. Hapa tuambizane ukweli: aliyetoka kumtawaza mtoto anayeharisha asitosheke na maji ya udhu, aanze na sabuni. Mgonjwa asipike wala asile sinia moja na wenzake mpaka siku 2 zipite tangu apone. Matapishi yakishafutwa, pasuguliwe kwa maji ya klorini. Antibayotiki haziui virusi, usipoteze fedha.

Mtoto apewe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na ziwa la mama lisikatizwe. Ukiona macho yamezama, analia bila machozi au hakojoi, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.