Nyumba ya kupangisha: kalamu kwanza, tofali baadaye

KATIKA soko la Dar es Salaam hakuna kitega uchumi kinachoaminiwa na watu wengi kama nyumba ya kupangisha. Mfanyabiashara wa Kariakoo akipata ziada hununua kiwanja. Mtumishi akilipwa kiinua mgongo humwita fundi. Imani hiyo ina sababu zake, lakini wengi wanaoingia humo hawajapata kukaa na kalamu wakajua fedha zao zinazaa asilimia ngapi kwa mwaka. Wiki hii tufanye hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye sehemu 4 za chumba na sebule, pembezoni mwa jiji. Kiwanja kimegharimu Sh. 15,000,000 na ujenzi Sh. 65,000,000, jumla Sh. 80,000,000. Kila sehemu inapangishwa kwa Sh. 120,000 kwa mwezi. Pango la mwaka ni Sh. 5,760,000, sawa na asilimia 7.2 ya mtaji. Wenye nyumba wengi huishia hapo.

Lakini nyumba haijai miezi yote 12. Mpangaji anahama, chumba kinapakwa rangi, dalali analeta watu wa kutazama tu. Toa mwezi mmoja kwa kila sehemu: Sh. 480,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango linalobaki ni Sh. 528,000. Matengenezo ya bati, mabomba, vitasa na rangi tuyawekee Sh. 600,000, na gari la kunyonya maji taka Sh. 150,000. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni ndogo, tuiache. Kinachobaki mkononi ni Sh. 4,002,000. Mtaji umezaa asilimia 5.

Sasa ulinganishe. Hati fungani za serikali za miaka 20 zilizoanza kuuzwa na Benki Kuu Aprili 2022 zilibeba riba ya asilimia 12.10 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka na isiyokatwa kodi ya zuio. Milioni 80 zile zile zingeleta Sh. 9,680,000, na hakuna mpangaji wa kugombana naye juu ya umeme. Tena mnadani mtu anaweza kuanza na Sh. 1,000,000, kiasi ambacho katika ujenzi hakimalizi hata shimo la choo.

Mwenye nyumba atajibu kwamba pango hupanda na riba ya hati haipandi. Ni kweli, na wanaokumbuka mfumuko wa bei wa miaka ya 1990 wanajua shilingi inavyoweza kumwacha mtu. Lakini tuipime hoja yenyewe. Pango halisi la Sh. 4,002,000 likipanda asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, litaifikia riba ya hati baada ya miaka 18 hivi. Mstaafu wa miaka 60 atakuwa na miaka 78.

Faida ambayo wengi wameiona haikutokana na pango, ilitokana na ardhi. Aliyenunua kiwanja mapema, kabla ya lami na maji kufika, amefaidika hata kama vyumba vyake vilikuwa vitupu nusu ya muda. Hizo ni biashara mbili tofauti, na ni vema mtu ajue ameingia ipi. Anayetegemea pango la kulipia ada za watoto hawezi kulipa kwa kupanda kwa bei ya kiwanja.

Gharama kubwa isiyoandikwa popote ni ile ya kujenga kidogo kidogo. Milioni 30 zikilala miaka minne katika kiwanja na msingi, riba iliyopotea kwa kiwango kile cha asilimia 12.10 ni Sh. 14,520,000, bila kuhesabu riba juu ya riba. Nondo zinaota kutu, majirani wanachota mchanga, na nyumba haijaingiza hata senti. Ni heri kukusanya fedha mahali zinapozaa, kisha kujenga kwa mkupuo mmoja.

Hesabu hubadilika kabisa kwa mwenye ardhi tayari. Mtu mwenye nafasi uani akijenga vyumba 3 kwa Sh. 10,000,000 na kupangisha kila kimoja kwa Sh. 60,000, atapata Sh. 2,160,000 kwa mwaka. Tukitoa mwezi mtupu, kodi, na Sh. 282,000 za matengenezo, anabakiwa na Sh. 1,500,000, yaani asilimia 15. Hapo nyumba inaishinda hati. Vyumba vidogo karibu na soko, chuo au kituo cha basi, kwa kila shilingi iliyowekwa, kwa kawaida huzaa kuliko nyumba kubwa yenye geti, ingawa heshima ya mtaani huenda kwenye geti.

Kuhusu kupandisha pango, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, hivyo bei ni makubaliano. Ukiongeza Sh. 10,000 kwa mpangaji wa Sh. 120,000 unapata Sh. 120,000 kwa mwaka. Akihama na chumba kikakaa mwezi mmoja, umepoteza Sh. 130,000. Dalali, ambaye aghalabu hulipwa na mpangaji mpya pango la mwezi mmoja, hana hasara yoyote katika uhamaji huo. Ushauri wake upokelewe kwa kiasi. Na pango la miezi sita linalolipwa kwa mkupuo ligawanywe kwa sita. Si faida ya siku hiyo.

Kabla ya yote hayo, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi na uulize mipaka ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya kandokando ya Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi, zikiwamo zilizokuwa na wapangaji ndani. Upekuzi hugharimu kidogo kuliko mifuko michache ya saruji.