Je, Elimu ya Juu Ndiyo Mafanikio?

Kila msimu wa korosho ukiisha, wazee wetu wa Newala na Masasi hukabiliwa na swali gumu: fedha zilizopatikana zimpeleke kijana chuoni, ziezeke nyumba kwa bati, au zinunue salfa ya msimu ujao? Swali hili limefika kwetu pia. Mimi nipo Kidato cha Sita, na kaka yangu mwenye shahada yupo nyumbani mwaka wa pili sasa bila ajira. Majirani huuliza, "Kusoma kote kule kumemfaa nini?" Nitajaribu kujibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Kwanza, tuwatazame waliosoma. Marehemu Benjamin William Mkapa alizaliwa mwaka 1938 kijijini Lupaso, wilaya ya Masasi. Alisoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha akaenda Makerere, Uganda, akapata shahada mwaka 1962. Baadaye alikuwa mhariri wa magazeti, halafu waziri, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Bila shaka elimu ilimfungulia njia. Lakini tukumbuke kwamba wakati ule nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata Uhuru, wenye shahada walikuwa wachache mno, na kazi ziliwangoja. Siku hizi vyuo vikuu ni vingi na wahitimu ni maelfu kila mwaka. Kwa hiyo shahada peke yake haitoshi tena kumpatia mtu kazi.

Pili, tumtazame George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya hiyo hiyo ya Masasi. Yeye hakupita chuo kikuu. Alijifunza uchongaji wa Kimakonde, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akaingia pia katika uchoraji. Kabla hajafariki mwaka 2005, kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Hata hivyo tusiseme kwamba hakusoma. Kuchonga mpingo hutaka miaka ya kujifunza, subira na jicho kali. Ni elimu, ingawa haina joho.

Tatu, ipo faida isiyoonekana katika mshahara. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mashamba yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga uliunguza maua ya mikorosho. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, walifanya kazi ya kuonyesha jinsi ya kuuzuia kwa salfa, na kuzalisha miche bora. Elimu yao imemfaa hata mzee asiyejua kusoma.

Sasa nirudi kwa kaka yangu. Ajira hana, lakini ndiye anayewasomea majirani maelezo ya dawa za mikorosho na kuwakagulia hesabu za mauzo yao. Nadhani wanaouliza amefaidi nini hawajahesabu hayo.

Hata hivyo gharama si ndogo. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwasaidia wengi, lakini mkopo ni deni: mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Basi kabla ya kuchagua masomo, yafaa mwanafunzi ajiulize: masomo haya yatanipa ujuzi gani? Nani anauhitaji? Nisipoajiriwa, nitautumiaje?

Mimi nimekwisha kuwaambia wazazi wangu shauri langu. Nitaomba kusomea kilimo. Nikikosa mkopo, nitakwenda chuo cha ufundi, lakini shamba la mikorosho lisiuzwe kwa ajili yangu. Wadogo zangu wawili bado wapo shule ya msingi, na shamba hilo ndilo litakalowanunulia madaftari.