Kadi Iliyowalisha Ndiyo Iliyowafanya Wageni

Aghalabu hudhaniwa kwamba kadi, sare, mhuri na hata jina la mtu huwa na maana moja kwa watu wote. Mwanasosholojia Mmarekani Herbert Blumer, aliyeipa jina nadharia ya mwingiliano wa kiishara mwaka wa 1937, alifundisha kinyume cha hayo: maana huzaliwa katika maingiliano ya watu, nao hutenda kwa kufuata maana hiyo. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuwapa wanafunzi wake na autazame mji wa Dadaab.

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa baina ya 1991 na 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuangushwa nchini Somalia. Zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Katika ukame wa 2011 idadi yao ilipita 400,000. Humo, kadi ya chakula ndiyo iliyoamua nani apange foleni ya unga na mafuta.

Kando ya kambi hizo waliishi wafugaji Wakenya ambao mifugo yao pia iliangamizwa na ukame. Walisema lugha moja na wakimbizi, wakaswali pamoja, wakaoana. Baadhi yao, kwa kutafuta chakula, matibabu na shule, walijiandikisha kuwa wakimbizi. Kwao kadi ilikuwa na maana moja tu: mtoto asilale njaa.

Kwa karani wa serikali, kadi iyo hiyo ilisema neno jingine: mwenyewe ni mgeni. Watoto wale walipotimiza miaka 18 na kuomba vitambulisho, alama zao za vidole zilipatikana katika rejista ya wakimbizi, wakakataliwa. Bila kitambulisho, kijana hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kupata ajira rasmi. Maelfu yalifikwa na mkasa huo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Yafaa ieleweke kwamba karani hakuizua tafsiri hiyo peke yake. Mwaka wa 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wachujwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Tangu hapo, kila askari aliyemshusha garini abiria mmoja na kumwacha mwingine aliwafundisha wote wawili nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. La ajabu ni kwamba Wasomali watokao Somalia nao wamezoea kuwaita wenzao wa Kenya "Sijui", neno la Kiswahili. Basi mtu mmoja ni mgeni kwa pande zote mbili.

Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba wakazi wa maeneo ya mpakani hawatapigwa msasa tena kabla ya kupewa vitambulisho. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, amri hubadili fomu kwa siku moja, ilhali mazoea hubadilika polepole, kizuizini, ofisini na darasani. Mwalimu anaposoma majina asubuhi na kumwuliza mwanafunzi mmoja tu kwao ni wapi hasa, darasa zima husikia. Somo hilo halimo katika silabasi, lakini hapana mwanafunzi atakayelisahau.